Figo Aliyoiahidi Meneja

Walimwita Meneja, ingawa hakuwahi kuwa na ofisi wala mtu wa kumtuma. Alikuwa fundi cherehani mwenye chumba kimoja kinachotazama barabara, cherehani mbili, meza ya kukatia, na pasi nzito ambayo waya wake ulikuwa umezungushiwa utepe mweusi mahali pawili. Jina alipewa kwa ajili ya kitambi. Kilianza kujitokeza alipofika miaka thelathini na mitano, wateja wakaanza kumwamkia kwa utani, "Shikamoo, meneja," na jina likanata. Hakulichukia. Kwa watu aliowajua, mtu mzima mwenye tumbo ni mtu aliyeshiba, na aliyeshiba ni mtu ambaye mambo yake yanakwenda. Akikaa kushona, tumbo lilikuwa la kwanza kufika kwenye cherehani. Basi alijifunza kusogeza kiti nyuma na kunyoosha mikono, akaendelea kutoa makoti yaliyomkaa mtu kama ngozi yake mwenyewe.

Mkewe akimwambia kwamba amezidi kunenepa, alikuwa na hoja moja isiyoshindwa. Alimwonyesha suruali. Kiuno cha suruali zake kilikuwa inchi thelathini na nane, na kwa miaka kumi hakikubadilika. Futi haidanganyi, alisema. Alichokuwa hasemi, na kila fundi anakijua, ni kwamba suruali hizo alizifunga chini ya tumbo, kwenye nyonga, tumbo lenyewe likilalia juu ya mkanda kama mto uliowekwa dirishani upigwe jua. Wateja wa namna hiyo aliwashonea kila wiki, na kuwacheka kimoyomoyo.

Kwao walizaliwa watatu. Yeye ndiye wa kwanza. Wa pili alikuwa mdogo wake wa kike, mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo ambayo watoto hamsini waliitii. Kitinda mimba alikuwa dereva wa lori za masafa marefu, mtu wa maneno machache, leo yupo, kesho yuko njiani.

Aliyeugua ni Mwalimu. Alianza kuamka na uso uliovimba, kisha viatu vikawa havimwingii, kisha akawa anafundisha amekaa. Alipopimwa, figo zake zilikuwa zimeshambuliwa na ugonjwa wa miaka mingi ambao haukuwahi kumuuma hata siku moja. Kilichobaki kilikuwa kidogo. Akaanza kwenda hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine, saa nne kila safari, na madaktari wakasema dawa ya kudumu ni kupata figo ya ndugu.

Familia ilikutana Jumapili mchana sebuleni kwa mama yao. Dereva alikuwa safarini. Mjomba alieleza jambo lile kwa kulizungukazunguka, na alipolifikia, watu walitazama chini, kila mmoja akihesabu maua ya zulia. Hapo Meneja akasimama. Alijipiga tumbo kwa viganja viwili, likatoa mlio.

"Humu ndani mna mali," alisema. "Hata nikitoa figo moja, nani atajua kuna kilichopungua?"

Watu wakacheka kwa ahueni. Mama akalia, akamshika mkono na kumshukuru Mungu kwa sauti, kwamba alimpa mtoto wa kwanza mwenye moyo. Mwalimu peke yake hakucheka sana. Alimwambia kaka yake aende kwanza akapimwe.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wiki ile Meneja aliwaambia wateja wote. Aliyekuja kupunguza pindo aliambiwa, aliyekuja kubadilisha zipu aliambiwa. Wakampa mkono, wakamwita jasiri. Mmoja alikataa kabisa kuchukua chenji yake. Nafsi ya Meneja ikavimba kupita hata tumbo.

Kwenye kliniki ya figo walimchukua damu, mkojo, wakampiga picha ya tumbo, na muuguzi akamfunga kile kitambaa cha kupimia presha. Akakifunga mara ya pili, kisha mkono wa pili. Akaandika tu. Halafu akachukua futi. Meneja, kwa mazoea ya kazi, aliteremsha mikono pembeni na kujinyoosha, na bila kukusudia akavuta tumbo ndani.

"Pumua kawaida, baba," muuguzi alimwambia, akaizungusha futi usawa wa kitovu.

Inchi arobaini na sita. Meneja aliinama kuhakiki, akidhani futi imejikunja mgongoni. Haikuwa imejikunja.

Baada ya siku tano alirudi kwa majibu. Daktari alikuwa mwanamke mfupi aliyezungumza taratibu, na alianza na habari njema: damu zao zilikuwa zinaendana vizuri. Meneja akatabasamu. Kisha daktari akageuza skrini ya kompyuta upande wake. Alimwonyesha figo zake mbili, za kijivu, kama maharage makubwa, zimezungukwa na weusi mpana kila upande. Meneja aliuliza kama ule weusi ni hewa. Daktari akamwambia kwamba hayo ndiyo mafuta.

Alimweleza kwamba mafuta anayoweza kuyashika kwa vidole ni sehemu tu ya habari. Mengine yamekaa ndani, yamezunguka matumbo, ini na figo, na hayo hayakai kimya kama mzigo ghalani. Yanazibana figo, yanapandisha presha, yanavuruga sukari kwenye damu, na figo zinalazimika kuchuja kwa nguvu kuliko zilivyoumbwa. Mwanzoni zinamudu, hata mtu haoni kitu. Kisha vichujio vyake vidogo vinachoka, na vitu ambavyo vingebaki mwilini vinaanza kupita.

"Mkojo wako una protini," daktari alisema. "Figo zako zinavuja. Hazijafa, na nina imani tunaweza kuziokoa. Lakini siwezi kuchukua moja nikakuacha na moja inayovuja."

Akamwandikia dawa ya presha, akamwambia apunguze chumvi, sukari na soda, atembee kila siku, apunguze tumbo, na arudi baada ya mwezi, kisha baada ya miezi sita. Pia akamshauri awaambie ndugu zake mapema ili mwingine ajitokeze kupimwa.

Alipotoka alikaa kwenye benchi la korido. Watu walipita na faili zao. Simu ikaita, naye alijua ni nani kabla hajaitoa mfukoni.

Mwalimu alimuuliza wamesemaje. Meneja aliliangalia tumbo lake lililokaa juu ya mapaja, mali ile aliyoipigia ngoma mbele ya mama yake na mjomba. Ugonjwa anaweza kuusema mtu bila aibu. Malaria si aibu, kuvunjika mguu si aibu. Lakini huu aliuona una jina jingine. Watasema mtu ameshindwa kumwokoa dada yake kwa sababu ya kula. Wateja watauliza. Yule aliyeacha chenji atauliza.

"Wamesema damu zetu haziendani, mdogo wangu," alisema.

 Kisha Mwalimu, ambaye siku hiyo alikuwa amelala saa nne akiwa ameunganishwa na mashine kwa mpira wa kifuani, akaanza kumbembeleza. Alimwambia asijilaumu hata kidogo, kwamba damu huigawa Mungu, na kwamba kule kujitolea kwake tu kumempa nguvu. Meneja aliitikia, "Ee. Ee." Alipokata simu, aliyakunja mara nne majibu aliyopewa.

Karatasi ya majibu aliificha kwenye mfuko wa suruali, na mkewe akaikuta siku ya kufua. Aliisoma yote, akamsubiri arudi, akaiweka mezani. Hakugomba. Alimwambia tu, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Meneja alimsihi asimwambie mtu, atalisema mwenyewe, muda ukifika. Mkewe akakubali, lakini tangu siku hiyo chai ya mumewe ilikuja bila sukari, na maneno ya mezani yakapungua kama ile sukari. Meneja alikunywa bila kuuliza. Dawa ya presha alimeza. Kutembea hakutembea, kwa sababu barabarani kulikuwa na watu, na kila mtu alikuwa na swali au pole.

Pole ndizo zilizomtesa. Uongo wake ulikuwa umemgeuza kuwa mtu wa kuhurumiwa. Mama yake alimpigia kila Jumapili kumfariji. Mjomba alimwambia kwamba mbele za Mungu nia ni sawa na tendo. Alipokwenda kumwona Mwalimu, alikaa karibu na mlango ili aondoke upesi, na Mwalimu aliona hilo, akadhani ni huzuni, akazidi kumwonea huruma.

Miezi minne ikapita namna hiyo. Hakuna ndugu mwingine aliyejitokeza, na Meneja alijiambia kwamba hilo si lake. Mwezi wa nne mpira uliowekwa kifuani kwa Mwalimu, wa kupitishia damu kwenda kwenye mashine, ukaingia vijidudu. Homa ikampanda akiwa darasani, akaanguka mbele ya ubao na chaki mkononi, na watoto wakakimbilia darasa la jirani kuita mtu. Alilazwa wiki mbili. Darasa lake likapewa mwalimu mwingine.

Dereva alirejea kutoka safari wiki hiyohiyo. Alipotoka kumwona dada yake alipitia dukani kwa kaka yake na suruali iliyochanika gotini. Meneja akaipitisha kwenye cherehani, akaanza kuishona. Dereva alisimama mlangoni akitazama barabara, akasema kwamba anajiona hafai.

Alieleza kwamba aliposikia habari ya figo, akiwa mbali, alikuwa amepania akirudi aende kupimwa. Ila akakumbuka siku walipomtolea damu marehemu baba, yeye na Meneja, wakaambiwa kundi lao ni moja. "Sasa kama yako imekataa, yangu itakubali vipi?" alisema. "Nikaona nisimpe matumaini ya bure. Lakini leo nimemwona, kaka. Amebaki macho."

Meneja aliendelea kukanyaga cherehani. Mshono ulitoka kwenye mstari wa chaki, ukaenda pembeni, ukafika mwisho wa kitambaa, na sindano ikaendelea kupiga patupu. Haikuwa imempitia akilini hata mara moja kwamba uongo wake ungeweza kumzuia mtu mwingine. Alikuwa ameuhesabu kama pazia la kujisitiri, kumbe alikuwa amefunga mlango na dada yake yuko nje.

"Sikukataliwa kwa damu," alisema.

Dereva aligeuka. "Ulikataliwa kwa nini?"

"Kwa hili." Alilishika tumbo, si kwa kulipiga kama siku ile. "Presha iko juu, na figo zangu zinavuja. Damu iliendana vizuri. Niliona haya kusema."

Dereva hakuinua sauti. Alikuja mezani, akaichukua suruali yake ilivyo, na uzi wake ukining'inia, akaikunja mara mbili. Alisema kesho asubuhi anakwenda kupimwa. "Wewe nenda leo ukamwambie mwenyewe," akamalizia. "Akiyasikia kwangu, sitakuita kaka tena."

Meneja alifunga duka mchana kweupe. Alimkuta Mwalimu kwenye mashine, damu yake ikitoka kwa mpira mmoja na kurudi kwa mwingine. Wagonjwa wengine watano walikuwa wamelala safu moja, kwa hiyo aliinama sana na kusema kwa sauti ya chini, na ilimbidi arudie, kwa sababu mara ya kwanza hakusikika. Kulisema jambo lile mara mbili kulimuuma kuliko kulisema mara moja.

Mwalimu alisikiliza hadi mwisho.

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ile uliponipigia simu. Nilikuwa nimetoka chumbani kwa daktari."

Alihesabu kwa vidole, kama anavyowafundisha watoto. "Miezi minne," alisema. Kisha akaongeza: "Siku ile nililia, kaka. Sikulilia figo. Nililia kwa ajili yako, nikasema kaka yangu leo hatapata usingizi. Ungeniambia unaumwa, mimi ningekucheka? Nani anajua kuumwa kuliko mimi?"

 Mwalimu aligeuza uso ukutani. Zilikuwa zimebaki saa mbili mashine imalize kazi, naye hakumwambia aondoke wala abaki. Meneja alikaa kwenye kiti cha plastiki saa zote mbili, mikono magotini, akiutazama mgongo wa dada yake. Muuguzi yule aliyempima kwa futi alipopita alimsalimia Meneja kwa furaha, alimkumbuka. Alimwuliza kama ameanza mazoezi. Mgongo ule haukusogea.

Damu ya Dereva iliendana. Figo zake zilikuwa safi, na presha ya kijana ingawa alikuwa amepita thelathini. Hata hivyo ilibidi wasubiri vijidudu viishe kabisa mwilini mwa Mwalimu, kisha vipimo, kisha tarehe, ikafika wiki tisa. Kila wiki katika zile tisa Meneja alijua imetokana na uongo wake. Mama yake alipoambiwa, alisema kwamba alimshukuru Mungu mbele za watu kwa ajili yake, na sasa hajui aombe nini.  Jumapili hazikuleta simu tena.

Upasuaji ulikwenda salama. Figo ilianza kazi siku ileile. Meneja alikuwa koridoni pamoja na ndugu, amesimama nyuma. Jirani mmoja, asiyejua lolote, alimpa mkono na kumpa pole kwamba bahati haikumwangukia yeye aliyekuwa wa kwanza kujitolea. Ndugu wote walimtazama. Angeweza kuitikia tu, lingepita. Alisema, "Hapana, damu yangu ilifaa. Ni mimi niliyeharibu mwili wangu, halafu nikadanganya." Jirani aliachia mkono wake polepole, asijue auweke wapi wa kwake. Mjomba akaanza kuzungumzia mvua.

Tangu siku alipomwambia dada yake, alikuwa ameanza kutembea. Alitoka asubuhi kabla ya kufungua duka, akazunguka mtaa wa maghala hadi uwanja wa shule, na mwezi wa kwanza alisimama mara tatu njiani kushika ukuta. Aliacha soda. Chumvi mkewe aliipunguza bila kumwuliza. Njaa ya jioni ilimsumbua kama mtoto mkorofi, na kuna siku alishindwa, akala mkate mzima amesimama nyuma ya mlango wa jiko, kisha akajionea haya hata mbele ya ukuta. Lakini asubuhi yake akatembea.

Baada ya miezi minane futi ya muuguzi ilisoma inchi arobaini na moja. Presha ilishuka. Protini kwenye mkojo ilipungua zaidi ya nusu, ila haikuisha. Alimuuliza daktari kama sasa angefaa kutoa figo. Daktari alimwambia hapana, na kwamba huenda hatafaa kamwe. Kazi yake ni kuzitunza alizonazo. Meneja aliitikia kwa kichwa, akachukua kadi yake ya miadi.

Dukani watu waliuliza. "Meneja, umefukuzwa kazi?" mmoja alimtania, akimwangalia tumboni. Meneja alimweleza ukweli, kuanzia presha hadi mkojo, na utani ukaisha palepale. Alianza pia kuwapima wanaume usawa wa kitovu kabla ya kuwapima kiuno cha suruali, akiwatajia namba zote mbili. Wengine walicheka. Mmoja alikasirika, akasema amekuja kushona na si kutibiwa, akachukua kitambaa chake na hakurudi.

Mwalimu hakupokea simu zake kwa muda mrefu. Alipopata nguvu alimpa Dereva kitambaa cha gauni ampelekee kaka yao, na vipimo vimeandikwa kwenye karatasi ya daftari, bila salamu. Meneja alilishona lile gauni kwa siku nne, akafumua mshono wa bega mara mbili. Likachukuliwa na Dereva. Wiki ikapita, kisha Mwalimu akaja mwenyewe, gauni mkononi. Lilikuwa linambana kiunoni.

Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaeleza huku akitazama barabara. Dawa anazomeza ili mwili usiikatae figo zinamtia njaa na kumnenepesha, naye ambaye hajawahi kuwa na tumbo sasa linaota. Daktari amemwonya kwamba tumbo hilo ndilo litakaloichosha figo ya mdogo wao.

Meneja alichukua futi, akampima, akaandika. Alimwambia mshono wa upande una kitambaa cha kuachia ili gauni lipanuke, lakini kidogo tu.

"Sijaja kuachiwa upande," Mwalimu alisema. "Unatembea saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Nitakuwa kwenye kona."

Kesho yake alikuwepo, amevaa viatu vya raba na barakoa ya kujikinga na vumbi. Walitembea hadi uwanja wa shule na kurudi, Mwalimu mbele kidogo, Meneja nyuma akihema. Walizungumza habari za mama, za lori la Dereva, za bei ya vitambaa. Wanakwenda hivyo hadi leo, siku tano kwa wiki. Hajamwambia kwamba amemsamehe, na Meneja hajathubutu kuuliza.